Baba Anaposita Kumsomesha Binti

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Wasichana huacha masomo wakikaribia kubalehe, na mikutano ya wazazi haijasaidia. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, mkutano wa hadhara si mahali pa kumshawishi baba mwenye mashaka, kwa kuwa mbele ya majirani atatetea msimamo wake hata kama moyoni ameanza kulegea. Mtembelee nyumbani, umsikilize kwanza. Mara nyingi utakuta kinachomzuia si mila, bali umbali wa shule, choo kisicho na mlango, au ndoo za maji zinazomsubiri binti alfajiri. Yakirekebishwa hayo, hata kwa akina mama kuwasindikiza wasichana kwa zamu, maneno yako yatapata uzito. Bibi yake binti naye asisahaulike: ndiye husikilizwa posa inapojadiliwa.