Sheila Carter na vidole tisa

Safari hii barua karibu zote zinamhusu mtu mmoja: Sheila wa tamthiliya ya Kimarekani The Bold and the Beautiful. Nimechagua tano. Zilizobaki ni matusi, na matusi ya kumtukana Sheila nayajua yote.

Nimeanza kuitazama juzi tu. Kila Sheila akiingia, watu wanaganda kama wameona jini. Kawafanya nini hasa?

Ndugu yangu, umeikuta ngoma katikati. Sheila hakuanzia kwa akina Forrester, ile familia kuu ya The Bold. Alianzia mwaka 1990 kwenye tamthiliya jirani, The Young and the Restless, akiwa nesi katika mji wa kubuni uitwao Genoa City. Akampenda daktari, Scott Grainger, mume wa Lauren. Akashika mimba ya Scott, Scott akamwacha mkewe akamwoa yeye. Mimba ikaharibika, Sheila akaficha. Kumbe Lauren naye alikuwa mjamzito, na Scott hana habari. Sheila akanunua kichanga kwa magendo, akakiweka mahali pa mtoto wa Lauren, yule wa Lauren akenda naye nyumbani kwa Scott kama kamzaa yeye. Kichanga cha watu kikafa kwa homa ya uti wa mgongo, Lauren akakizika akijua ni damu yake.

Halafu mama mzazi wa Sheila, Molly, akagundua. Kiharusi kikampiga, kauli ikaondoka. Bibi anajua kila kitu na hawezi kusema neno, na anayemuuguza ni huyo huyo binti yake. Mimi sijaona tukio la bastola lililowahi kunibana kifua kama lile la mzee kutumbua macho tu.

Mwisho nyumba ya shamba kule Michigan ikaungua, watu wakasema Sheila kafa. Ilikuwa 1992. Mwaka huo huo tukamkuta Los Angeles, nesi wa kampuni ya mitindo ya Forrester, na baadaye mke wa mwenye kampuni, Eric Forrester mwenyewe. Tamthiliya zote mbili zilianzishwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell, na zote zilikuwa CBS, ndiyo maana adui aliweza kuhama na mzigo wake wote. Na Lauren ana maduka ya nguo, Eric anashona nguo. Kukutana ilikuwa suala la muda.

Kafa mara ngapi huyu?

Ana roho ya paka. Kwenye vibanda vya video tulifundishwa kwamba steringi hafi. Huku asiyekufa ni adui. Moto 1992. Risasi ya Lauren 2007, tena wakati huo Sheila alikuwa amefanyiwa upasuaji akachukua sura ya Phyllis, mhusika mwingine wa The Young and the Restless. Mwaka 2022 ikasemwa kaliwa na dubu, ushahidi ni kidole cha mguu kilichookotwa. Kidole alikikata mwenyewe.

Dubu sijamkubali hadi leo, pale walizidisha chumvi. Lakini kidole kilikuja kulipa. Mwanzoni mwa 2024 Steffy, mke wa Finn mwana wa Sheila, akamchoma kisu, maiti ikaenda kuchomwa. Deacon, mchumba wake, akaenda kumuaga. Miguu inaonekana. Akatazama vidole: kumi. Sheila ana tisa! Aliyekufa alikuwa Sugar, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji miaka mingi nyuma afanane na Sheila, na Sheila mwenyewe alikuwa amefungiwa mahali, mzima. Jirani yangu alipiga kelele nikazisikia kupitia ukutani.

Dada shikamoo. Hivi ni mwigizaji yule yule tangu zamani? Na ana roho mbaya kweli?

Marahaba mdogo wangu. Ndiye yule yule, Kimberlin Brown, ukitoa kile kipindi cha sura ya Phyllis, ambapo aliigiza Michelle Stafford. Roho yake siijui. Najua ni mkulima wa parachichi California, na kwamba mwaka 2018 aligombea ubunge wa Marekani kwa tiketi ya Republican akashindwa.

Kwa nini Wamarekani wanaziita tamthiliya za sabuni?

Zilianzia redioni miaka ya 1930, wadhamini wakiwa makampuni ya sabuni, Procter & Gamble akiwemo. Msikilizaji waliyemlenga alikuwa mama aliye nyumbani anafua.

Mama mkwe wangu anamtetea. Anasema Sheila ni mzazi tu anayemtaka mwanawe, na kwamba Steffy ana kiburi. Tumeshagombana mezani. Nani ana haki?

Kwa kiburi cha Steffy, mpe mama pointi. Ila Steffy ana sababu: mwaka 2002 Sheila alimpiga risasi mama yake, Taylor, na ikachukua miaka mpaka Taylor arudi akiwa hai (usiulize). Kisha 2021, siku ya harusi ya Steffy, anatokea Sheila na kumwambia bwana harusi, Finn, "mimi ndiye niliyekuzaa". Wewe ungemkaribisha pilau?

Na hapo ndipo ukali wa Sheila ulipo. Haingii nyumbani kwa mtu na panga. Anaingia kwa huduma. Ni nesi, anajua dawa, anajua kumtuliza mgonjwa. Stephanie, aliyekuwa mke wa Eric, alimeza zebaki akidhani ni vidonge vyake vya kalsiamu. Waandishi wanajua wakimtoa huyu watabaki na watu wanaooana na kuachana kwa zamu, maana mhusika mwingine, Brooke, alishaolewa na Eric kisha na mtoto wa Eric, na kipindi kinatoka siku tano kwa wiki tangu Machi 1987.

Basi mwombe mama mkwe, kwa adabu, mtazame wote lile tukio la uchochoro nyuma ya mgahawa wa Il Giardino, Aprili 2022. Sheila anamlenga Steffy. Finn anajirusha mbele ya mkewe, risasi inampata yeye. Sheila anapiga kelele, ni mwanawe, anamwona anaanguka. Mpaka hapo mama mkwe atakuwa analia na atakwambia "umeona?"

Usizime. Sekunde chache baadaye anaigeuza bastola kwa Steffy na kupiga tena.