Aende, lakini ataongoza nani?

Mhariri, swali lenu la juma hili, "Je, kijana wa Mombasa asomee kuongoza okestra ili awe profesa wa muziki chuoni?", limenigusa pabaya. Wengi watawajibu habari za mshahara. Mimi nauliza: akishahitimu, ataongoza nani? Wapiga fidla tunao, taarabu imewalea. Mpiga viola, yaani fidla kubwa ya sauti nzito, au obo, ala ya kupuliza, utamsaka kwa tochi. Kwa hivyo jawabu langu ni hapana.

Watu huona kijiti cha mwongozaji tu. Kabla ya zoezi la kwanza, alama za kuvuta na kusukuma upinde ziwe zimenakiliwa kwenye kila karatasi ya noti. Wapiga fidla za kwanza 8 hukaa wawili wawili, karatasi moja kwa wawili, hizo ni nakala 4. Ukisahau moja, pinde mbili zitakwenda kinyume na wenzao mbele ya watu.

Na kuna joto letu. Zoezi moja la wanafunzi hapa mjini, kaskazi imeiva: fidla, chelo, filimbi, klarineti na qanuni, ile ala ya taarabu ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Klarineti ilitoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, wote wakalinganisha ala zao nayo. Katikati ya zoezi umeme ukapotea, kiyoyozi kikanyamaza. Hewa ikipata moto, sauti ya filimbi na klarineti hupanda. Nyuzi zikipata moto hulegea, fidla zikashuka. Pande mbili zikaachana. Mpiga klarineti akavuta kiungo cha juu kama milimita moja, filimbi nayo ikavutwa kichwa. Fidla ndizo zilizoleta taabu: vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vimevimba kwa unyevu, havigeuki, na aliyelazimisha alikata uzi. Wenye skrubu ndogo za mkiani walipona. Sasa qanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti. Nani atazikaza upya zote watu wakingoja? Mwongozaji akaamua qanuni isiguswe, wengine wote waifuate. Ikakaa, mpaka walipoingia rasti, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Humo E hukaa kati ya E kamili na E bemoli, yaani E iliyoshushwa nusu hatua, na waliofunzwa kwa piano wakawa kila mmoja na yake. Akawaimbisha noti ile bila ala, safu kwa safu, kisha ndipo wakashika pinde.

Nikiandika haya naona msimamo wangu unalegea. Kazi ile iliokolewa na sikio, na sikio la rasti mtoto wa Mombasa huwa nalo kabla hajajua kusoma noti.

Basi aende, kwa masharti. Kenyatta University wanafundisha muziki, aanzie huko. Ashike viola, maana atakuwa na kiti popote. Asome hadi PhD, kwa kuwa vyuo huuliza hiyo kabla ya kijiti. Ajue pia kuandika upya sehemu ya obo ipigwe na klarineti. Na chuo kikimwahidi okestra, aombe kwanza afunguliwe stoo ahesabu chelo, ndipo atie sahihi.