Kuwaandaa vijana wa Kiyahudi kwa mijadala na siasa za chuo: wape maandiko, usiwape majibu

Mkuu, umesema unafundisha darasa la mwisho kwenye sekondari ya Kiyahudi huko New Jersey, na wazazi wanakubana uwape watoto "majibu" ya kujibia hoja za Israel na Palestina kabla hawajaingia chuo. Ushauri wangu: wanyime hayo majibu. Kijana aliyekaririshwa hoja hustahimili ubishi wa kantini, ila hukwama akikutana na mhadhiri aliyebobea, au Mpalestina anayeeleza kijiji cha babu yake. Akisikia kwa mara ya kwanza, tena chuoni, kwamba mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa, anaona shule na nyumbani walimficha. Wengine hapo hutupilia mbali kila walichofundishwa, hata kilicho kweli. Wengine huziba masikio moja kwa moja.

Tenga vipindi kumi vya dakika 90. Kila kipindi andiko moja asilia, ukurasa mmoja au miwili, lisomwe kwa sauti wawili wawili kama wanavyosoma Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale. Anza na Azimio la Balfour la 1917, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Palestina, maana kiini chake ni sentensi moja tu. Waulize nani katajwa na nani hakutajwa. Wayahudi wanaahidiwa makao ya kitaifa. Waarabu, waliokuwa wengi kwa mbali, wanaitwa jamii zisizo za Kiyahudi, wanahakikishiwa haki za kiraia na za kidini, za kisiasa kimya. Mwanafunzi akiligundua mwenyewe darasani kwako, hakuna wa kumshtua nalo baadaye.

Baadaye soma azimio 181 la Umoja wa Mataifa la 1947 la kuigawa Palestina (kura 33 kwa 13, kumi hawakuegemea upande), kuondoka kwa Wayahudi zaidi ya 100,000 Iraq mwaka 1950 na 1951, azimio 242 la Baraza la Usalama baada ya vita vya 1967, na makubaliano ya Oslo ya 1993 kati ya Israel na chama cha Wapalestina, PLO. Mpango wa 1903 wa Waingereza kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki usiuruke: kongamano la Wazayuni (waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao) huko Basel lilipiga kura 295 kwa 178 kutuma tume ikakague ardhi iliyoitwa Uganda, kumbe ni Uasin Gishu, Kenya ya leo. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na swali hilo lina haki ya kuulizwa darasani. Shambulio la Oktoba 7, 2023, vita vya Gaza na mahema ya waandamanaji vyuoni 2024 viache mwisho, wakishazoea kusoma kabla ya kusema.

Zoezi lenye faida kuliko yote: kila mmoja aandike hoja ya mpinzani kwa sentensi tano, amsomee mwenye msimamo huo, asianze kujibu mpaka aambiwe "ndiyo, hicho ndicho ninachosema". Lina mizizi kwao: Talmudi, kitabu cha Eruvin, inasema nyumba ya Hilleli, moja ya shule mbili za marabi zilizoshindana, ilifuatwa kwa kuwa ilitaja maneno ya nyumba ya Shammai kabla ya yake. Zoezi huharibika mwalimu akijifanya Mpalestina mwenyewe, kwa sababu bila kukusudia huileta hoja dhaifu. Leta maandishi yao wenyewe.

Kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, weka mezani fasili mbili za chuki hiyo, ile ya IHRA (muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Holokosti) ya 2016 na Azimio la Jerusalem la wasomi la 2021, kisha wapime matukio kwa zote mbili: bango linalolaani serikali ya Israel, kauli kwamba Wayahudi wanaendesha benki za dunia, mwanafunzi kuzuiwa kuingia kikundi kwa sababu ya jina lake. Watofautiane, lakini kwa sababu.

Sheria nayo waijue. Chuo cha umma kinabanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, kwa hiyo kauli ya kuudhi peke yake mara nyingi inalindwa. Chuo binafsi kina kanuni zake, zisomwe kabla ya kuthibitisha nafasi. Unyanyasaji unaomzuia mtu kusoma ni jambo jingine, na Sura ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa rangi au asili ya taifa kwenye taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, inauhusu. Ukitokea: skrinishoti, tarehe, mahali, mashahidi, barua pepe kwa ofisi ya chuo siku hiyohiyo. Malalamiko ya simu hayaachi kumbukumbu. Kwa Wizara ya Elimu ya Marekani, muda wa kawaida wa kulalamika ni siku 180 tangu tukio.

Na kalenda: Rosh Hashanah (mwaka mpya wa Kiyahudi) na Yom Kippur (siku ya toba) huangukia Septemba au nusu ya kwanza ya Oktoba, muhula ukiwa bado mchanga. Tarehe zitumwe kwa kila mhadhiri wiki ya kwanza, kabla ratiba ya mitihani haijafungwa.