Deki ya zamani ya kaseti: nunua mtambo, usinunue taa

Kwa vipimo, kaseti haiwezi kuishinda faili ya kidijitali. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 tu, unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na ndani ya upana huo zimebanana njia nne za sauti, mbili kwa kila upande. Ule mvumo wa "shii" haukwepeki kabisa. Hata hivyo wapenzi wa sauti bado wanazisaka deki za miaka ya 1970 na 1980, na wana sababu ya msingi: karibu kila kinachoamua ubora wa sauti ndani ya deki unaweza kukiona kwa macho, kukigusa kwa kidole na kukirekebisha kwa bisibisi. Ukikosea unasikia papo hapo, na ukipatia vilevile.

Jambo la pili ni uaminifu wa kaseti yenyewe. Tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, upana wa utepe na mwendo wake havijabadilishwa. Kaseti iliyorekodiwa 1970 inaingia kwenye deki ya 1995 na inacheza. Kilichoendelea kukua ni deki: Nakamichi 1000 ya mwaka 1973 ilileta hedi tatu zilizotengana (hedi ni kile kichwa kinachogusana na utepe: moja ya kufuta, moja ya kurekodi, moja ya kucheza), utepe wa metali ukaja 1979, na Nakamichi Dragon ya 1982 ikawa inarekebisha yenyewe mwinamo wa hedi huku inacheza. Majina hayo yanastahili heshima yake. Lakini deki ya kawaida ya hedi mbili, iliyosafishwa na kuwekewa belti mpya, itacheza vizuri kuliko deki ya kifahari iliyokaa kabatini miaka 20 bila kuguswa.

Kwa hiyo ukienda kununua, taa na mita zisikuteke. Beba tochi, kijiti cha meno cha mbao, na kaseti ya C60 (ya dakika 60 kwa pande zote mbili) ambayo hata ikitafunwa hutalia. Fungua mlango, mulika hedi. Uso wake unatakiwa kung'aa na kuwa laini. Pitisha kijiti taratibu kutoka juu kwenda chini: kikikwama kwenye ukingo wa njia ya utepe, ujue utepe umeshachimba mfereji. Mfereji hafifu unavumilika. Wenye kina, au ulioliwa upande mmoja kuliko mwingine, ni sababu tosha ya kuiacha hiyo deki, maana hedi ndicho kipuri kigumu kuliko vyote kupata. Belti na rola zinapatikana. Hedi ni bahati.

Kisha rudisha kaseti nyuma yote mpaka mwanzo na usikilize mota. Mlio uwe wa sare. Ikianza kwa nguvu halafu ikapunguza na kusitasita, kigurudumu cha mpira kinachopeleka nguvu kwenye vibiringo kimekuwa kigumu na kinateleza. Baada ya hapo cheza dakika kumi za piano. Piano ni hakimu mkali, kwa sababu noti yake ikishapigwa haitikisiki yenyewe. Ukisikia noti ndefu inayumba, kinachoyumba ni deki.

Jaribio moja wanunuzi wengi hulisahau: cheza mwisho wa upande, si mwanzo wake. Kibiringo kinachopokea utepe kinazunguka kwa nguvu ileile, lakini kadiri kinavyojaa ndivyo mvuto wake kwa utepe unavyopungua. Deki inayoelekea kuanza kutafuna kaseti itacheza salama dakika 20 za mwanzo, kisha itatafuna zikibaki dakika tano. Namna inavyotafuna ni hii: kijiti cha chuma kinachozunguka pamoja na rola ya mpira vinaendelea kuusukuma utepe, kibiringo kinashindwa kuupokea, utepe unafanya kitanzi na kitanzi kinajisokota kwenye rola. Watu hulaumu kaseti. Mara nyingi kosa ni la belti iliyolegea, kigurudumu kinachoteleza, au uchafu unaonata juu ya rola.

Belti ndipo kazi huanzia. Chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, tafuta gurudumu zito la chuma nyuma ya mtambo. Belti ya zamani unaweza kuikuta katika hali mbili. Ikiwa imelegea tu, huna shida. Ikiwa imeyeyuka imekuwa kama lami nyeusi, vaa glavu na ujipe saa nzima. Ile lami haitoki kwenye nguo wala kwenye zulia. Ondoa mabonge kwa kijiti cha mbao, kisha fuatisha vijiti vya pamba vilivyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mpaka pamba itoke nyeupe. Usiridhike na pamba ya kahawia. Kitone kimoja kilichobaki kwenye puli ya mota kinakuwa kama kokoto kwenye tairi, na kila puli ikizunguka mwendo unaruka kidogo. Masikioni inasikika kama sauti inayotetemeka.

Kujua saizi, usipime belti ya zamani iliyovutika. Zungusha uzi katika njia nzima inayopitwa na belti, pima urefu wake, kisha toa asilimia 5. Njia ya milimita 260, kwa mfano, inataka belti yenye mzunguko wa ndani wa takriban milimita 247. Upana na unene vifuate ile ya zamani. Belti bapa ya mota nyingi ni nyembamba, nusu milimita hivi. Iliyobana kupita kiasi si bora kuliko iliyolegea, kwani inaikandamiza mota kwenye bushi zake na mwendo unaanza kuyumba tena. Mpira wa kufungia pesa usiufikirie hata kwa majaribio.

Ukiwa humo ndani, safisha njia yote ya utepe. Hedi na kijiti cha chuma vinafutwa kwa spiriti hiyohiyo, na kijiti hicho ukizungushe huku unafuta mpaka mstari wa kahawia uishe. Rola ya mpira usiilowanishe spiriti kila mara, maana spiriti inaikausha. Maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni yanatosha, halafu ikaushe vizuri. Rola yenye uso unaong'aa kama kioo imeshakuwa ngumu. Itaupandisha au kuushusha utepe na kukunja ukingo wake, na sabuni haitairudisha. Nunua mpya, ukipima kipenyo, upana na tundu la ekseli.

Hedi pia hupata usumaku kidogokidogo, na sauti nyembamba zinapungua huku mvumo ukiongezeka. Kifaa cha kuondoa usumaku kiwashwe kikiwa umbali wa kama mita moja, deki ikiwa imezimwa na kaseti zako zikiwa mbali. Kisogeze polepole, kipitishe karibu na hedi na vyuma vingine, kisha kirudishe polepole mpaka mita moja ndipo ukizime. Ukikizima kikiwa karibu na hedi, umeiachia usumaku zaidi ya ulioukuta.

Mwendo unapimwa kwa kaseti ya majaribio yenye toni ya hezi 3150 na programu ya simu inayosoma masafa. Acha deki izunguke dakika 15 kwanza ipate joto. Kuwa ndani ya hezi 16 juu au chini, yaani nusu asilimia, ni kuzuri. Mara nyingi skrubu yake iko ndani ya tundu dogo nyuma ya mota, na inahitaji mguso mdogo sana.

Sasa tuje kwenye azimuthi, yaani mwinamo wa hedi dhidi ya utepe, ambao ndio unaoua sauti za deki nyingi nzima. Toni ya kilohezi 10 kwenye kaseti ina urefu wa wimbi wa mikromita 4.76 tu. Njia moja ya sauti ina upana wa milimita 0.6 hivi. Hedi ikiinama robo digrii, ncha moja ya njia inasomwa mikromita 2.6 kabla ya nyingine, yaani zaidi ya nusu ya wimbi lenyewe, na toni hiyo inapoteza karibu desibeli 5. Robo digrii huioni kwa macho. Unachosikia ni matoazi yaliyofunikwa blanketi, na watu wanadhani utepe umechakaa.

Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Inayogusa springi, mara nyingi ikiwa na tone la rangi juu, ndiyo ya azimuthi. Nyingine iache kabisa. Tumia bisibisi isiyo na usumaku. Cheza kaseti unayoiamini, yenye matoazi au makofi, na uiweke amplifaya kwenye mono. Mono inakusaidia sana: hedi ikiwa imeinama, chaneli mbili zinapishana na sauti nyembamba zinafutana, kwa hiyo kosa dogo linasikika kubwa. Zungusha skrubu sehemu ya nane ya mzunguko, rudi, nenda upande wa pili. Utafika mahali sauti inafunguka ghafla kama dirisha, na ukipita inafunga tena. Rudi katikati ya pale, weka tone jipya la rangi ya kucha. Kumbuka tu kwamba umeilinganisha deki na kaseti ile. Kama iliyoirekodi ilikuwa imepinda, nawe sasa umepinda, ndiyo maana kaseti ya majaribio inastahili gharama yake.

Dolby, yaani mfumo wa deki wa kupunguza mvumo, isiguswe kabla ya azimuthi kukaa sawa. Dolby B inapunguza mvumo kwa desibeli 10 hivi, na C kwa karibu 20, lakini zote zinategemea kwamba kilichosomwa ni kilekile kilichorekodiwa. Sauti nyembamba zikipungua kidogo kwenye hedi, Dolby inazisoma kama dhaifu na kuzishusha zaidi. Malalamiko kwamba Dolby inazima sauti, kwa sehemu kubwa, ni malalamiko ya azimuthi.

Deki ya hedi mbili ikirekodi chaneli moja tu, au ikitoa mlio wa ghafla, kabla hujafungua bodi yoyote puliza dawa ya kusafishia swichi ndani ya ile swichi ndefu ya kurekodi na kucheza, kisha isukume mara 20 au 30. Kutu ya vidole vyake imewafanya wengi wabadilishe kapasita zisizo na kosa.

Kurekodi ndiko hedi tatu zinalipa, kwa kuwa unasikia kilichoingia kwenye utepe sekunde hiyohiyo. Kama deki yako ina kitufe cha bayasi (ishara ya masafa ya juu inayochanganywa na sauti wakati wa kurekodi ili utepe uipokee vizuri), tafuta mvumo wa redio ya FM katikati ya stesheni, urekodi kwa kiwango cha chini, kama desibeli 20 chini ya sifuri ya mita, na ubadilishe kati ya chanzo na utepe. Utepe ukisikika mkali kuliko chanzo, bayasi ni ndogo. Ukisikika mzito na butu, imezidi. Usifanye hivyo kwenye sifuri, maana hapo utepe wenyewe umeshashiba sauti nyembamba na utakudanganya. Kwa muziki, Taipu I nzuri (utepe wa kawaida wa oksidi ya chuma) inakubali vilele vya desibeli +3. Utepe wa metali unavuka hapo bila kulalamika. Kaseti mpya zinazotengenezwa sasa ni karibu zote Taipu I, na ukiweka bayasi vizuri zinatosha. C90 ni nyembamba, mikromita 12 hivi. C120 ni 9, na ningeiweka mbali na deki yoyote yenye rola ya zamani.

Kaseti iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele yote na kuirudisha kabla ya kuicheza, na uchungulie kitambaa kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi; gundi yake hukauka kikaanguka, na bila hicho sauti inakuja na kupotea kwenye deki nyingi. Ihifadhi ikiwa wima, mbali na spika. Deki nayo usiikatie umeme katikati ya kucheza ukaiacha, rola ikiwa imekandamizwa kwenye chuma: ikikaa hivyo siku nyingi inaweza kuingia bonde, nawe utalisikia bonde hilo kila rola inapozunguka. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kabisa, na hata kama huna la kusikiliza, izungushe nusu saa kila baada ya wiki mbili tatu ili belti isizoee umbo la puli.