Wiki ya kwanza na Kidato cha Kwanza: silabasi itasubiri

Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa Kidato cha Kwanza B niwe mwalimu wao wa darasa. Siku ya kwanza nikawafanyia nilichofanyiwa mimi: nikawasimamisha mmoja mmoja wajitambulishe kwa Kiingereza. Jina lako, shule ya msingi uliyotoka, somo unalolipenda. Wanne wa mwanzo walikuwa wamekariri, wakapita. Wa tano, binti mrefu ambaye sketi yake ilionekana wazi kuwa ya dada yake, akasema "My name" akakwama hapo hapo. Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia akae, nikaita anayefuata.

Binti yule hakufungua mdomo tena kwenye vipindi vyangu mpaka likizo ya Juni. Na mimi, kwa miezi hiyo yote, nilimhesabu kuwa ni mzito wa kuelewa.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu kila Januari nawaona walimu wapya wakilirudia, tena kwa nia njema. Fikiria mtoto huyu anatoka wapi. Miaka saba ya shule ya msingi amefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba, amekaa nyumbani miezi michache, kisha Januari masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili yamegeuka Kiingereza. Kila dakika arobaini anaingia mtu mzima mwingine asiyemfahamu. Alikuwa mkubwa shuleni kwake, huenda alikuwa hata kiranja. Leo anaitwa njuka na anatumwa maji na vidato vya juu. Ukimwongezea kicheko cha wenzake sitini, umemfunga mdomo kwa muda mrefu.

Siku hizi Jumatatu naongea nao Kiswahili. Wenzangu wa ofisini hunicheka, na kuna mkuu wa shule mmoja aliyewahi kuniita kuniuliza kama nimesahau lugha ya kufundishia. Sijasahau. Kiingereza wanakianza Jumanne, na shule nyingi zina kozi ya wiki kadhaa ya kuwaandaa kwa ajili hiyo. Lakini siku ya kwanza nataka kila mtoto asikie sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile bila kuaibika, na sauti hiyo kwa sasa iko kwenye Kiswahili. Kanuni ya Jumatatu ni moja tu: anayeongea hachekwi. Akitokea wa kucheka (na atatokea, mara nyingi ni kati ya wale wachache waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza), simwadhibu. Namwita mbele asimame pembeni ya aliyemcheka, wamalizie sentensi pamoja. Wote wawili wakirudi kwenye viti, hasira imeisha.

Jumanne ndiyo siku ninayoipenda. Nawatoa nje, chini ya mwarobaini, kila mmoja na kijiti chake. Namwambia achore ardhini njia anayopita kutoka anakolala hadi shuleni. Hapo ndipo nimejifunza mambo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote ya kujiunga. Mmoja alichora mto mara mbili, nikamuuliza kwa nini, akasema, "Madam, huu mmoja ni wa kiangazi. Huu mwingine ni wa sasa hivi, tunauzunguka." Shule yetu ni ya kata, huku vijijini mkoani Morogoro, na Januari ni mvua. Mtoto huyo nilikuwa nimemkuta getini asubuhi ile ile akipiga magoti na wachelewaji wenzake. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu siku hiyo hiyo, tukaelewana.

Wengine huchora mstari mfupi sana, nyumba kisha shule. Usifurahi haraka. Muulize anaishi na nani. Mara nyingi hao ndio wa mageto: wazazi wako mbali, wamempangia chumba jirani na shule, anapika mwenyewe, analala mwenyewe au na mwenzake mmoja. Ana miaka kumi na minne. Kama ni binti, nataka kujua mlango wake una kufuli na mwenye nyumba ni nani, na nataka mwalimu wa malezi ajue pia. Hayo huwezi kuyauliza mbele ya darasa. Lakini ukiwa umechuchumaa naye juu ya mchoro wake, anakwambia bila kuulizwa mara mbili.

Majina. Darasa langu la mwaka huu lina watoto 68 kwenye daftari la mahudhurio. Jumatatu walifika 41, waliobaki wakawa wanaingia kidogo kidogo hadi Februari. Ada ilifutwa tangu 2016, ila sare, viatu na madaftari bado vinatoka mfukoni mwa mzazi, na mfuko mwingine unasubiri mavuno au mkopo wa kikundi. Anayefika wiki ya tatu usimpokee kwa "ulikuwa wapi?" mbele ya watu. Kwake yeye wiki ya kwanza ndiyo inaanza leo. Mpangie mwenyeji, mtoto mmoja anayetoka upande wa kwao, akae naye.

Niliwahi kujaribu vikaratasi vya majina kifuani. Jasho na upepo vikavimaliza kabla ya saa nne. Sasa nakariri kwa safu, watoto kumi kwa siku, na wakati wa kusahihisha madaftari namwita kila mmoja aje achukue lake mkononi mwangu. Nawauliza pia wanavyopenda kuitwa. Kwenye daftari kuna kina Neema wanne, lakini mmoja wao nyumbani na shule ya msingi amekuwa akiitwa kwa jina la bibi yake, ukimwita Neema anageuka nyuma kutazama ni nani.

Kuhusu kukaa: wote waliotoka shule moja ya msingi watajibana kona moja. Waache hadi Jumatano. Walimu wengi huwatawanya saa ile ile ya kwanza, ati wasipige soga. Mimi naona unamnyang'anya mtoto kitu pekee anachokijua humo ndani.

Kuna jambo dogo ninalofanya Alhamisi jioni, nalo linanigharimu salio la simu. Napigia wazazi watano au sita, nawaambia jambo jema nililoliona kwa mtoto wao. Jiandae, maana mzazi wa kwetu akisikia ni mwalimu, moyo unampasuka. "Mwalimu, amefanya nini?" Mama mmoja alikuwa ameshaanza kuomba msamaha kabla sijamaliza salamu. Nilipomwambia kwamba mwanawe amemsaidia mwenzake kubeba kiti kutoka stoo, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi?" Nikasema basi. Mwezi Machi nilipompigia kuhusu utoro, alikuja shuleni kesho yake.

Ijumaa, vipindi vikiisha, nakaa peke yangu na daftari la mahudhurio. Nafunika upande wa alama, nasoma jina moja moja, na kwa kila jina najiuliza kama naiona sura na kama najua jambo moja la mtoto huyo lisilohusu masomo. Nisipolijua, natia nukta ya penseli pembeni. Mwaka huu, kati ya wale 41, zilibaki nukta tisa. Saba zilikuwa za wasichana wa safu ya ukutani, kwa hiyo Jumatatu iliyofuata nilianzia kipindi ukutani.