Maana za "take off"

Ndugu, umeuliza iweje kitenzi cha Kiingereza "take off" kitumike kwa ndege inayopaa na pia kwa mtu anayevua viatu. Siri imo katika yambwa, yaani kitu kinachotendwa: ikiwapo, aghalabu maana huwa kuvua au kuondoa, na ikiwa ni kiwakilishi sharti ikae katikati, "take them off", kamwe si "take off them". Isipokuwapo, ndege hupaa, biashara hushamiri, au mtu huondoka ghafla. Waingereza pia hukitumia kitenzi hiki kwa maana ya kumwiga mtu kwa mzaha, matumizi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo humchanganya zaidi mwanafunzi. Ama "take Friday off", hapo mtu anapumzika kazi siku ya Ijumaa.