Riwaya Kongwe kwa Klabu ya Vitabu: Anzeni na Ile Mliyosomea Mtihani

Klabu nyingi za vitabu hapa Nairobi hufungua mwaka kwa orodha ya fahari, yaani riwaya nene za Urusi na Uingereza ambazo kila msomi huona haya kukiri kwamba hajazisoma. Kufikia Machi waliomaliza kitabu ni wawili, wengine wamepitia muhtasari kwenye intaneti, na kikao kinageukia siasa na bei ya unga. Nimeshiriki katika klabu za namna hii kwa miaka kadhaa, mara nyingi nikiwa ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupendekeza kitabu cha mwezi, na msimamo ninaoutetea kila ninapoulizwa ni huu: klabu ya watu wazima inayotaka kusoma riwaya zilizodumu haina mahali pazuri pa kuanzia kuliko riwaya za Kiswahili ambazo wanachama wake walizisoma shuleni kwa ajili ya mtihani.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu nimelisikia kila mara: kitabu hicho tulishakisoma. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hasomi riwaya kwa kweli, bali huichimba ili apate maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, kisha huiacha siku ya karatasi ya mwisho. Chukueni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kumtazama Maimuna kama msichana aliyepotoka, na jibu hilo lilitupatia alama. Wasomaji walewale wakirudi kwake wakiwa na mabinti wa kulea, swali hubadilika kabisa. Sasa wanamtazama baba yake, Maksuudi, mtu wa heshima mbele ya watu na mkatili ndani ya nyumba yake, na wanauliza baba anayemfungia binti ndani kwa jina la maadili anamlinda nani hasa. Nimewaona wazazi wawili wakibishana juu ya swali hilo kwa saa nzima, kila mmoja akifungua kurasa kutafuta ushahidi, na sijui kipimo bora cha kitabu kilichochaguliwa vyema.

Ziko sharti mbili ambazo ningeziwekea mkazo. Mosi, mtu asije na mwongozo. Vitabu vya mwongozo vya mtihani vimejaa mjini, na ni rahisi mwanachama aliyechelewa kusoma kununua kimoja badala ya riwaya yenyewe. Akishafanya hivyo, kikao chote hurudi darasani na kila mtu anaanza kuorodhesha tashbihi. Pili, aliyependekeza kitabu awe amekisoma upya hadi mwisho kabla ya kukileta mezani. Kumbukumbu ya shuleni haitoshi, maana aghalabu tunachokumbuka ni maneno ya mwalimu.

Suala la nakala ni zito kuliko linavyoonekana, na ndilo linaloua vitabu vingi vizuri kabla havijafunguliwa. Klabu ya watu kumi inahitaji nakala kumi kwa wakati mmoja, na duka la vitabu huenda likawa na mbili. Riwaya zilizowahi kutahiniwa zina faida kubwa hapa, kwa kuwa zilichapishwa kwa wingi kwa ajili ya shule na bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara za katikati ya jiji, kwa bei isiyomtisha mtu. Zilizochapishwa Dar es Salaam huchukua muda kufika, kwa hiyo anzeni kuzitafuta mwezi mmoja au zaidi kabla. Msisahau maktaba: McMillan, ambayo ilifunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ni mahali ambapo mwanachama asiye na pesa ya kitabu mwezi huo anaweza kuketi na kusoma. Kuhusu kutoa fotokopi ya kitabu kizima, ninasihi klabu zisifanye hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, na Euphrase Kezilahabi, kwa mfano, alifariki mwaka 2020 tu.

Nikimtaja Kezilahabi, riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, inaonyesha vizuri kigezo ninachokiweka juu ya vyote, yaani kama kitabu kitawagawa wasomaji wenu. Ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, kisha baadaye ikaja kufundishwa humohumo shuleni. Kitabu kilichopita njia hiyo huja na mjadala wake: je, ukali wa Zakaria ndio uliomwangusha bintiye, au mwandishi naye amemhukumu Rosa kwa ukali uleule wa baba? Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, huwagawa watu kwa namna nyingine. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria, na wanachama wenye umri tofauti hawakubaliani hata kidogo kama utetezi wake wa subira ni hekima au ni woga. Riwaya ambayo kila mtu ataisifu kwa sauti moja, hata ikiwa nzuri namna gani, iacheni kwa usomaji wa faragha.

Urefu unahitaji hesabu tu. Kitabu cha kurasa 200 kinadai kurasa saba kwa siku katika mwezi mmoja, na mtu anayepanda matatu kutoka Rongai au Githurai atazimaliza kabla hajashuka. Anna Karenina ya Tolstoy, ambayo katika matoleo mengi huzidi kurasa 800, inadai karibu 27 kila siku bila kukosa. Simkatazi yeyote kuisoma, kwani ni riwaya ninayoipenda kwa dhati, lakini mwandishi mwenyewe aliigawa katika sehemu nane, basi igaweni pia, sehemu nne kila mwezi, na atakayeongoza kikao awaandalie wenzake orodha ya majina, kwa kuwa Warusi humwita mtu mmoja kwa majina matatu.

Lugha nayo isidharauliwe. Wakazi wengi wa Nairobi wamezoea kusoma kwa Kiingereza na kuzungumza Kiswahili, kwa hiyo nathari ya Zanzibar huwachelewesha katika kurasa za mwanzo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti katika kikao cha kuchagulia kitabu, kila mtu akisikiliza. Sauti ya mwandishi ikishaingia sikioni, msamiati mgeni haumtishi msomaji tena, na hapohapo klabu hujua kama inakitaka kitabu hicho au inakionea tu haya. Wanaotaka kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki bila kuiacha lugha wanaweza kuitafuta Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya maarufu ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1973. Nakala zake ni adimu, lakini inafaa kutafutwa.

Kwa klabu inayoanza sasa, ningepanga hivi. Kusadikika ije kwanza, kwa kuwa ni nyembamba na kila mtu ataimaliza, jambo ambalo klabu changa inalihitaji sana. Utengano ifuate, kisha Rosa Mistika, ili mabinti hao wawili na baba zao walinganishwe wakiwa bado wabichi akilini. Baadaye ije Kuli ya Adam Shafi, inayomfuata Rashidi kutoka utotoni hadi mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, nayo itawapa nafasi wanachama waliochoka kuzungumzia familia. Novemba ningeiachia A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1967, ambayo masimulizi yake yanazunguka siku chache kuelekea uhuru wa Kenya na swali la nani alimsaliti mpigania uhuru Kihika. Panga kikao chake kabla ya tarehe 12 Desemba na kabla wanachama hawajaanza kusafiri mashambani, na mwambie kila mmoja aje akiwa ameandika, kabla ya kuwasikia wengine, kama angemsamehe msaliti huyo.